Jifunike, Saud Anakuja

Darsait, Maskati
8 Januari 2025

Kakangu Khalil,

Assalaam aleikum. Barua ikikukuta mzima, alhamdulillahi. Ikikukuta na kile kifua chako, kunywa tangawizi na uache kubishana na mkeo. Sie huku wazima. Baridi imeingia, hii baridi yetu ya Maskati uliyoicheka ulipokuja ukavaa fulana tupu, lakini goti langu halicheki. Gereji ya chini ya fleti yangu imeongeza mashine nyengine na nnaamshwa na nyundo kabla ya adhana. Mwanangu Rawya na watoto wake wazima, wamehamia nyumba yao wenyewe Ansab, kubwa mno, ukimtaka mtu aliye jikoni unampigia simu. Aflah wa jirani anakuja huko harusini kwa wakwe zake, ndiye aliyekubebea barua hii na halwa. Ile ya zafarani ni yako, usimgaie kila anayepiga hodi.

Utasema, mbona Wadha anaandika na simu ipo? Kakangu, simu yako unaifungulia sauti kwa ajili ya sikio lako, nyumba nzima inasikiliza, mpaka muuza samaki aliye mlangoni. Hili ninalotaka kukwambia silitaki lifike kwa muuza samaki.

Saud bin Bakhit ameniposa. Saud wetu huyuhuyu, wa nyumba iliyogusana na yetu huko Unguja, mliyecheza pamoja mpaka jamaa zake walipomleta Oman. Sasa yuko Sib, kastaafu wizarani, mkewe alifariki huu mwaka wa tatu. Unamjua, sina haja ya kukupambia. Anajua kucheka, hanyanyui sauti, na akija kwangu huja na Rawya yupo, hukaa karibu na mlango kama mgeni.

Mie tangu mume wangu afe nnakula peke yangu, na mwanamke akila peke yake hupika upuuzi: yai, mkate, chai, basi. Nna miaka sitini na nne, simtafuti mtu wa kuzaa naye. Nnamtaka mtu wa kumwambia "umemwona nguru wa leo alivyonona?" akanijibu. Rawya ameridhika, na wanawe Saud wameridhika.

Baba hayupo, na ndugu wa kiume nnaye wewe tu, kwa hivyo walii wangu ni wewe. Nnakuomba uende kwa kadhi uandikishe wakala, sheikh wa huku atuoze kwa niaba yako. Karatasi moja tu, mpe Aflah aje nayo.

Nduguyo anayekupenda,
Wadha


Unguja
27 Januari 2025

Kwa mdogo wangu mpenzi Wadha binti Musallam,

Wa aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili na nimefurahi kusikia mu wazima. Mimi sijambo, kifua kinakuja na kuondoka. Shemeji yako anakusalimu sana. Halwa imefika na tumeila, ile ya zafarani imeliwa na wageni kabla sijaionja, jambo ambalo sikulipenda.

Paa la nyumba linavuja upande wa kibla. Nimemwita fundi, akaja, akalitazama, akasema atarudi, na mpaka leo hajarudi. Tunakinga maji kwa sufuria. Mvua za mwaka huu zimetuchanganya, hazina wakati. Mzee jirani yetu aliyekuwa akiuza kahawa amehama kwa mwanawe, na mtaa umekuwa kimya mno.

Bahasha yako ilifika na gundi ya rangi mbili. Simsemi Aflah kwa lolote, naisema gundi tu. Barua zijazo zitie utepe na uandike jina lako juu ya utepe.

Nakutumia karafuu na ukwaju. Mwambie Rawya mjomba wake anamuombea dua katika nyumba mpya.

Ama lile jambo jengine, tutazungumza ukija.

Wako,
Khalil bin Musallam


Darsait
9 Machi 2025

Kakangu,

Ramadhan karim. Mungu azipokee funga zetu, yangu na yako.

Aflah amenipa karafuu, amenipa ukwaju, amenipa barua. Nimeitikisa bahasha, nikaigeuza, nikatia na vidole ndani. Wakala haumo. Nikakaa nikasoma: paa, fundi, sufuria, gundi! Ukurasa mzima wa gundi na mvua, na mie nnayesubiri kuolewa nimepewa mstari mmoja chini kabisa, ati tutazungumza ukija. Nije lini, Khalil? Unajua vizuri kwamba daktari amenikataza ndege mpaka goti lipasuliwe. Au ndiyo maana umeandika hivyo?

Basi mie nitasema unalolizunguka. Bibi yake Saud alikuwa mtumwa wa babu yetu. Mamake, Bi Mahbuba, alizaliwa uani kwetu, na baba akampa nyumba ya ubavuni alipoolewa na Bakhit. Ndiyo hilo? Kama ndilo, liseme nilisikie kwa maneno yako mwenyewe, mtu unayeswali safu ya mbele. Bibi kafa, Bi Mahbuba kafa, aliyewamiliki kafa. Nnayemtaka mie yuko hai, yuko Sib, ana kisukari na gari la Toyota.

Mwezi mtukufu huu sikutaka kukudhania ubaya. Lakini nishakudhania.

Safari hii halwa hakuna.

Wadha


Unguja
8 Aprili 2025

Kwa mdogo wangu Wadha,

Idd mubarak, kullu aam wa antum bi kheir. Idd yetu ilikuwa nzuri, ingawa baraza la Idd sikulifikia kwa sababu ya kifua. Shemeji yako alipika pilau ikabaki. Fundi wa paa amekuja na ameondoka na ngazi yangu.

Umeniandikia maneno makali na nimekusamehe. Si suala la bibi yake Saud. Sikutaka kulitia jambo hili katika karatasi, lakini umenilazimisha.

Saud ni ndugu yako wa kunyonya. Alipokuwa mchanga mamake aliumwa, na mama yetu Bi Ghaliya, Mwenyezi Mungu amrehemu, alimchukua akamnyonyesha kwa huruma yake. Mama yetu ndiye mamake kwa maziwa, nawe ni dada yake kama vile mlizaliwa tumbo moja. Ndoa hiyo ni haramu, na mimi siandikishi wakala wa haramu. Unalijua wewe hilo, umesoma.

Sikusema zamani kwa sababu ilikuwa ni siri ya wanawake wawili, na hapakuwa na haja. Nani angefikiri kwamba katika umri huu mngetakana?

Usimpe Saud sababu. Mwambie umeghairi tu, ni bora zaidi. Ataumia siku mbili tatu kisha atasahau. Na barua hii ukishaisoma ichome.

Khalil


Darsait
24 Aprili 2025

Kakangu Khalil,

Salaamu aleikum. Sikuichoma.

Nimelia, na sikufichi. Nilikaa jikoni na barua mkononi mpaka mchele ukaungua na jirani akaja kugonga. Nikamwambia ni kitunguu. Hata Rawya sikumwambia siku ile. Jambo la haramu silichezei, Khalil, na wewe unajua kwamba silichezei. Ndiyo maana umechagua hilo? Tuliache kwanza.

Saud nilimwambia, na sababu nikampa. Siwezi kumwambia mtu nimeghairi ilhali sijaghairi. Nilisimama ngazini, nikamwambia yote. Alitazama viatu vyake, akasema, "Kama wewe ni dada yangu, basi nitakuletea samaki kama dada." Akaweka mfuko wa nguru chini, akaenda zake. Tangu siku hiyo hajapanda juu. Samaki huja, yeye haji.

Sasa nisikilize. Nilikuwa nnamwosha yule samaki. Mikono yote ina magamba, nywele zimenifungukia, nikavuta ushungi kwa kiwiko, na hapo hapo nikakukumbuka wewe. Mwaka juzi ulipokuja kutibiwa sikio ukakaa kwangu. Umekaa hapo sebuleni kwenye kiti cha marehemu. Kengele ikalia, ukachungulia dirishani, ukanipigia kelele mpaka jikoni: "Wadha, jifunike, Saud anakuja!" Si mara moja. Kila alipokuja. Siku moja nilitoka na leso nyepesi ukanikazia macho mbele yake mpaka nikarudi ndani kuvaa baibui.

Kama Saud ni ndugu yangu wa kunyonya, ni maharimu wangu. Nywele zangu ni halali kuonwa naye kama zilivyo kwako. Sasa ulikuwa unanifunika nisionwe na nani, Khalil? Na kakangu?

Mtu ana dada na kaka mbele yake sebuleni, anajua peke yake kwamba ni dada na kaka, halafu anamwambia dada ajifunike! Hebu nifahamishe, maana mie akili yangu imegoma.

Nnasubiri jibu. La paa silitaki.

Wadha


Unguja
19 Juni 2025

Kwa Wadha binti Musallam,

Wa aleikum salaam. Kuchelewa kwangu kumetokana na kifua, na pia aliyekuwa aje Maskati aliahirisha safari.

Umenishitaki kama niko mahakamani. Nilisahau. Mtu wa umri wangu husahau. Nilipokuja huko nilikuwa na maumivu ya sikio na madawa, na mazoea ni mazoea, mwanamume akiingia mwanamke hujifunika. Sioni ajabu yake.

Ninayoiona ajabu ni nyengine. Nimeambiwa kwamba Rawya ameonekana hapa Unguja katika siku za mfungo wa Arafa, yeye na mumewe, wamefikia hoteli. Mpwa wangu, damu yangu, amelala hotelini na mjomba wake ana vyumba vitatu. Hakunipigia hodi wala hakunitumia salamu. Na aliyemwona amemwona akitoka katika jengo la Nyaraka na bahasha chini ya kwapa, asubuhi mbili mfululizo. Watalii hawaendi Nyaraka.

Unatafuta nini? Kama kuna unalotaka kujua juu ya ukoo wetu, mimi niko hai na nina ulimi. Kumpeleka mtoto akapekue makaratasi ya wakoloni nyuma ya mgongo wangu ni kunivunjia heshima, na watu wanauliza.

Makaratasi hayajui kila kitu. Waliyaandika watu waliokuwa na haraka zao.

Khalil


Darsait
14 Julai 2025

Kakangu Khalil,

Salaamu aleikum. Joto limefika pahali pake, hata maji ya bomba la baridi yanatoka ya moto. Goti litapasuliwa mwezi wa tisa, niombee. Rawya anakuomba radhi. Alitaka kuja kukuamkia, mie ndiye niliyemkataza, kwa sababu mtoto yule hajui kusema uwongo na ungemwuliza tu "umekuja kufanya nini?" angekuambia yote na chai haijapoa. Lawama nipe mie.

Umesema una ulimi. Nimeutumia ulimi wako miezi sita, Khalil, nikaambulia paa. Ndiyo nikaenda kwenye makaratasi.

Nilimwambia Rawya nitafutie mambo mawili: sensa ya hamsini na nane, mtaa wetu, na tanzia za gazeti la wakati ule. Nilitaka kujua mamake Saud alikufa lini, na mama yetu alikuwa wapi. Maana maziwa hayafungi undugu mtoto akishapita miaka miwili, na wewe hukunitajia mwaka hata mmoja. Tena nikuambie kweli, nilipompeleka niliogopa. Nilijua kwamba huenda karatasi zikasema wewe ni mkweli, na mie nimeshajiapia kwamba zikisema hivyo nitamwita Saud kaka mpaka nnakufa.

Sensa hii hapa, Rawya amenifasiria Kiingereza chake. Nyumba yetu, Machi hamsini na nane: Musallam, mwenye nyumba. Ghaliya, mkewe, na pembeni mwandishi ametia: yuko hospitali tangu Julai, kifua. Mtoto, hakuna.

Hakuna! Na wewe umezaliwa Julai ya mwaka wa nyuma. Nikajiuliza, kakangu yuko wapi? Rawya akanigeuzia karatasi ya pili, nyumba ya ubavuni. Bakhit. Mahbuba, mkewe. Saud, mtoto wao, miezi kumi. Na chini yake: Khalil bin Musallam, miezi minane, mtoto wa jirani, ananyonya hapa.

Nimelisoma jina lako nikadhani macho yananidanganya.

Sote tumekua tukisikia kwamba mama aliumwa kifua akalazwa miaka miwili. Baba alikuwa hahesabu miaka kama watu, alikuwa akisema "kabla Ghaliya hajalazwa" na "Ghaliya alipotoka." Mie nilikuwa sijui ni lini, nilijua tu ni kabla yangu. Kumbe alikwenda kukuzaa wewe na hakurudi. Mwenye kifua cha kuambukiza nani atampa mtoto mchanga? Wakakuchukua mchanga wakakupeleka kwa jirani mwenye maziwa.

Sasa tanzia. Hii ni ya Kiswahili, sikuhitaji mtu wa kunisomea. Agosti hamsini na tisa. Nnakuandikia neno kwa neno, usije ukasema sina miwani:

"Bwana Bakhit anasikitika kuwaarifu jamaa na marafiki kufa kwa mkewe, Bi Mahbuba, kulikotokea Jumanne. Ameacha mwana mmoja, Saud, na mwanawe wa kunyonya, Khalil bin Musallam. Habari zimfikie Bi Ghaliya, mke wa Bwana Musallam, aliyeko hospitali bado. Hitima itasomwa nyumbani kwa Bwana Musallam baada ya swala ya Ijumaa."

Umeona? Saud anatimiza miaka miwili na kitu, na mama yetu bado yuko hospitali. Kabla yako hakuwa na mtoto, basi hakuwa na ziwa la kumpa mtu. Baada yako alikuwa amelazwa. Aliponizaa mie mwaka wa sitini Saud alikuwa na miaka mitatu na nusu, anakula muhogo. Mama yetu hakumnyonyesha Saud hata tone. Na mie Bi Mahbuba hakunijua, alikuwa ameshazikwa nilipozaliwa. Aliyenyonya ni wewe, Khalil, na ni wewe peke yako.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa darsa, nikamweleza bila kutaja majina. Nikamwuliza, kaka yangu akinyonya kwa mwanamke, mie na mwana wa yule mwanamke tumekuwa nani? Akacheka. Akasema maziwa yanamfunga aliyeyanyonya, dada yake yamhusu nini? Kakako amekuwa ndugu wa yule mwana, wewe umebaki mtu baki, ukitaka olewa naye. Nikamwuliza tena, akanijibu vilevile, nikamwuliza mara nyengine akasema mama, kuna wenzako wanasubiri.

Basi nimekaa nikafikiri kwa nini umeligeuza. Ungeweza kukataa tu, ukasema simtaki, nikapigana na wewe kwa hilo. Lakini umechukua jambo la kweli ukalipindua juu chini. Ulitaka sie tuwe ndio tuliotoa, si tuliopewa. Mama yetu awe ndiye mwenye huruma, na yule wa uani awe ndiye aliyehurumiwa. Kumbe mwili wako, mifupa yako hiyo unayoisimamisha safu ya mbele, umejengwa na Bi Mahbuba.

Baba hakuona haya. Alikubali liandikwe gazetini jina lake na lako, na hitima ikasomwa nyumbani mwake kama aliyekufa ni wa kwake. Wewe haya hizo umezitoa wapi?

Nimekasirika, na nnakuandikia nikiwa nimekasirika. Naweza kwenda mahkama hapa Maskati na karatasi hizi, kadhi akaniozesha yeye, na sheria iko upande wangu. Rawya ananisukuma niende kesho. Sitaki. Sitaki kuozwa na mtu wa ofisini na kakangu yu hai. Nnakutaka wewe. Ndiyo upumbavu wangu huo.

Saud sijamwambia bado. Hajui kwamba mamake aliacha wana wawili. Nimeona hilo si la kwangu kumwambia.

Karatasi nimezitia humu, nakala. Utepe nimeutia, na jina langu juu yake.

Wadha


Unguja
28 Agosti 2025

Kwa mdogo wangu Wadha,

Wa aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua ilifika na utepe wake mzima. Sisi wazima. Kifua ndicho hichohicho. Paa limekwisha, halivuji, lakini ngazi sijarudishiwa.

Shemeji yako aliniona nikiisoma akaniuliza kuna nini, nikamwambia ni kitunguu. Hakunielewa, wewe utanielewa.

Uliyoandika nimeyasoma yote. Usinitake niandike. Nimekaa na kalamu siku nyingi na kila ninachoanza nakichana. Aflah amenisubiri wiki nzima, ndipo ameniambia leo ndiyo siku ya mwisho.

Mambo mawili tu.

La kwanza. Muulize Saud kama anajua kaburi la mamake liko wapi. Halina jina, na alikuwa mdogo walipomchukua. Akisema hajui, mwambie mimi nnalijua. Liko karibu na ukuta, upande wa mkwaju. Kila Shaabani mimi hulifyeka, tangu kijana. Nilikuwa nikienda peke yangu, na nilikuwa nikienda asubuhi sana ili watu wasiniulize. Akija Unguja nitampeleka, na safari hii tutakwenda mchana.

La pili. Wakala huo hapo, na muhuri wa kadhi. Usome vizuri kabla hujampa sheikh, kwa sababu kadhi hakuupenda. Nilimtolea maneno naye akaandika, kisha akasimamisha kalamu akaniambia, "Mzee Khalil, hapa umekosea, haiwezekani, sheikh wa Maskati atadhani unamwoza dada yako kwa kaka yake." Nikamwambia sikukosea. Nikamtolea karatasi zako, akazisoma zote, akazirudia. Watu waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wanasikiliza, na unajua sikio langu, nilikuwa nasema kwa sauti. Akaniuliza tena, "Niandike hivyohivyo?" Nikamwambia andika nilivyosema.

Imeandikwa hivi: "Mimi Khalil bin Musallam, nikiwa na akili zangu timamu na kwa ridhaa yangu, namwakilisha sheikh atakayesimama Maskati amwoze dada yangu, Wadha binti Musallam, kwa ndugu yangu, Saud bin Bakhit."

Mahari sikutaja, mtapatana wenyewe. Halwa naitaka, na iwe ya zafarani, na Aflah ailete mkononi asiitie kwenye begi.

Mwambie Saud apande juu, asiache samaki ngazini kama mwizi. Lakini mpaka siku ya akdi ya ndoa, Wadha, Rawya awepo, na wewe jifunike.

Kakako,
Khalil